Mabuibui Arobaini ya Naif: Kisa cha Makato ya Kutoa Pesa Ng'ambo

Khalati alitoa risiti tatu kwenye pochi yake, akazipanga juu ya mkeka moja baada ya nyingine. Mbili zilikuwa zimeanza kufifia, maana karatasi hizi za ATM haziwezani na joto la Mombasa. Ya tatu ilikuwa imekunjwa mara nne mpaka mkunjo ukapita juu ya tarakimu. Kando yake akaweka daftari lake la mzigo, lenye jalada gumu, likiwa wazi kwenye ukurasa wa Dubai.

"Nihesabie, mwanangu," akasema. "N'mehesabu mara tatu, pesa zangu hazitimii."

Mimi ndiye ninayemfungia hesabu, yeye na wauza nguo wengine wachache wa mtaa wa Biashara, na makato nimeyaona ya kila namna. Hili nimeamua kuliandika lote, tarakimu kwa tarakimu, kwa idhini yake. Kila nikilisimulia, mtu huniambia kwamba lilimpata yeye au nduguye: Makka kwenye Umra, India alikopeleka mgonjwa, au hapo Dar es Salaam tu. Hakuna hata mmoja aliyeweza kunionyesha pesa zilipotelea wapi. Benki siitaji, wala wenye mashine, kwa kuwa ninaloliandika si kosa la karani mmoja wala la tawi moja.

Khalati huuza mabuibui na mashela kwa jumla. Kwa mwaka huenda Dubai mara mbili au tatu, na tangu flydubai ianze kutua Mombasa moja kwa moja Januari 2024, safari imekuwa nyepesi kuliko ile ya kuzungukia Nairobi. Desturi yake ni ile ya wafanyabiashara wengi wa hapa: hununua dola mjini, huzifunga mwilini, na akifika Deira, mtaa wa maduka huko Dubai, huzibadilisha kidogo kidogo kadiri anavyonunua. Kadi ya benki huibeba kwa dharura.

Dharura ilikuja Agosti 2025, siku ya mwisho kabla ya kurudi. Alikuwa Naif, hapohapo Deira, dola zimekwisha, mzigo wake umeshapelekwa kwa watu wa kago, ndipo mwenye duka mmoja akamwekea mbele mabuibui 40 yenye nakshi mikononi, dirham 50 kila moja, taslimu na leo. Kwa kadi bei ingepanda. Anayeijua biashara ya nguo Mombasa anajua kwamba buibui la namna hiyo, likiwahi kabla ya wenzako kulileta, halikai dukani wiki mbili. Khalati akatoka kutafuta mashine.

Hapa niseme jambo moja ambalo baadaye litakuwa na uzito. Wiki moja kabla ya safari alikwenda benki yake, kwenye kaunta, kuomba kadi yake ifunguliwe itumike nje ya nchi. Aliulizwa anakwenda nchi gani na atakaa siku ngapi. Akajaza fomu, akatia sahihi. Aliyemhudumia alikuwa mpole, akamtakia safari njema. Kuhusu makato hakuambiwa neno.

Mashine ya kwanza

Ilikuwa ndani ya jengo la maduka, penye baridi na taa kali, watu wawili wako nyuma yake kwenye foleni. Akaingiza kadi, akabonyeza namba ya siri, akaomba dirham 1,000. Mashine ikamwambia kwanza kwamba mwenye mashine atamkata dirham 25. Akakubali, alijua kwamba ugenini hutumii mashine ya mtu bure. Kisha ikaja skrini ya pili, na hii nilimwomba anieleze mara mbili. Palikuwa na kiasi chote kwa shilingi za Kenya, 38,591, kwa tarakimu kubwa. Chini yake vitufe viwili, cha kukubali na cha kukataa. Kiwango cha kubadilisha kilikuwepo pia, kimefichama ndani ya maelezo ya Kiingereza na Kiarabu kwa herufi za kubanana.

"N'kaona afadhali," akaniambia. "Shilingi ndizo nizijuazo. Na hicho cha kukataa, n'lidhani nikikibonyeza pesa hazitoki, pengine na kadi imezwe, nami ndege ni alfajiri."

Mtu asimcheke. Skrini ile imempa mgeni kitu anachokijua mahali ambapo kila kitu ni kigeni, na neno "kataa" humwingia mtu akilini kama kukataa pesa zenyewe. Ukweli ni kwamba ukikataa, pesa hutoka vilevile. Unachokataa ni kwamba mwenye mashine akubadilishie fedha kwa bei yake. Muamala huenda kwa dirham, na kubadilisha kunafanywa na kampuni ya kadi, kama Visa au Mastercard, pamoja na benki yako. Ukikubali, bei ni ya mwenye mashine na kampuni inayomfanyia kazi hiyo, na faida wanagawana wao. Benki ya Mombasa haimo.

Khalati alikubali. Akapata noti zake, akazihesabu akiwa amegeukia ukuta.

Elfu moja haikutosha. Kijana wa dukani, mtu wa Kerala aliyezoea wateja wa Afrika Mashariki, alipoona risiti akamwambia kwa Kiswahili chake cha biashara kwamba mara ya pili abonyeze "hapana". Akampeleka kwenye mashine nyingine uchochoroni. Elfu nyingine, ada ya dirham 25 kama ya kwanza, na safari hii akakataa shilingi. Jioni akatoa mara ya tatu, dirham 300, za kumalizia kago, chakula na teksi ya uwanja wa ndege. Akakataa tena. Alirudi Mombasa akiwa na yakini kwamba kosa lake lilikuwa moja tu, lile la kwanza.

Pesa zilikokwenda

Kwa mtu wa hesabu, dirham ni fedha nzuri ya kuchunguza kwa sababu haiyumbi. Tangu 1997 imefungwa kwenye dola kwa 3.6725. Kinachosogea ni shilingi peke yake, nayo wakati huo ilikuwa imetulia: Benki Kuu ya Kenya ilikuwa ikitangaza dola moja kwa takriban shilingi 129.24. Ukigawanya, dirham moja ni shilingi 35.19. Hicho ni kiwango cha kati, baina ya bei ya kununua na ya kuuza; hakuna duka la kubadilishia fedha litakalokuuzia kwa bei hiyo, lakini ndicho kipimo kisichomwelemea yeyote. Tukitumie.

Dirham 1,000 za kwanza, kwa kipimo hicho, ni shilingi 35,190. Khalati alilipa 38,591 za kwenye skrini, na benki yake ikaongeza ada ya kutoa pesa nje ya nchi, 450 pamoja na ushuru wa serikali. Jumla 39,041. Ziada ni 3,851, karibu asilimia 11. Ndani yake mna 880 za mwenye mashine (zile dirham 25), 2,521 zilizomezwa na kiwango cha kubadilisha alichokikubali, na 450 za benki.

Mara ya pili alikataa shilingi, kwa hiyo unatazamia abakie na 880 na 450 basi. Ujumbe wa simu uliomfikia palepale uliandika shilingi 36,980. Siku ya pili taarifa ya akaunti ikaandika 37,260, na ada 450 pembeni. Kwa jumla 37,710: ziada ya 2,520 juu ya thamani, asilimia 7 na kidogo. Toa 880, toa 450, unabakiwa na 1,190 ambazo hazina jina popote, si kwenye risiti, si kwenye ujumbe wa simu, wala kwenye taarifa ya akaunti.

Hizo 1,190 ndizo zilizonipeleka benki.

Ya tatu nitaipita haraka, ingawa kwa kiwango ndiyo iliyouma zaidi. Dirham 300 thamani yake ni shilingi 10,557, naye alikatwa 12,265. Ziada ni 1,708, zaidi ya asilimia 16, na hakukosea popote. Ada mbili zisizobadilika, ya mwenye mashine na ya benki, ziliangukia kiasi kidogo.

Kwa jumla alipokea dirham 2,300 zenye thamani ya shilingi 80,937, akalipa 89,016. Zilizokwenda ni 8,079. Katika hizo wenye mashine walichukua 2,640, ubadilishaji wa skrini ile ya kwanza ulichukua 2,521, na benki yake mwenyewe pamoja na ushuru ilichukua 2,918. Ukiisoma taarifa ya akaunti kutafuta mstari ulioandikwa "ada", utakuta 1,350 tu.

Na daftari? Khalati, kama wenzake, hukadiria dirham kwa shilingi 36 ili awe salama. Buibui la dirham 50 akaliandika 1,800. Akaongeza 250 za kago na gharama, akaongeza 250 za faida, akayatoa dukani kwa 2,300. Kwa makato halisi, buibui lile lilimgharimu karibu 1,919 kabla ya kago. Faida ya 250 ilikuwa 131. Alipoletewa taarifa ya akaunti na mjukuu wake aliyeichapisha, mabuibui 31 yalikuwa yameshauzwa.

Ndiyo maana siwaelewi wanaosema kwamba makato ni makato, mtu atayajua mwisho wa mwezi. Mfanyabiashara haulizi bei ili apate kulalamika baadaye. Anaiuliza ili naye apange bei yake, na bei aliyoipanga kwa gharama isiyo ya kweli hairudi nyuma.

Kaunta

Tulikwenda pamoja. Afisa aliyetupokea alimwita "mama", akatuletea viti, na kwa haki yake niseme hakutuficha alichokijua. Alitoa karatasi ya ada za benki, iliyobandikwa pia ukutani, akatuonyesha mstari: kutoa pesa kwenye ATM nje ya nchi. Ada ndiyo ile tuliyokatwa. Nikamwuliza zile 1,190. Akasema hicho ni kiwango cha kampuni ya kadi. Nikamwonyesha hesabu: dirham 1,025 ukizigawa kwa 3.6725 ni dola 279.10, na 37,260 ukizigawa kwa dola hizo unapata shilingi 133.50 kwa dola. Kampuni ya kadi haiwezi kuwa imeigeuza dirham iliyofungwa kwenye dola kwa tofauti ya asilimia tatu. Akakaa kimya, akapiga simu makao makuu, akatuomba tumwachie siku mbili.

Jibu lilikuja kama nilivyotarajia. Kampuni ya kadi huigeuza dirham kuwa dola, kisha benki huigeuza dola kuwa shilingi kwa kiwango chake yenyewe cha kuuza. Siku ile kilikuwa 133.50. Asilimia 3.3 juu ya Benki Kuu.

Nataka kuwa mwadilifu kwa benki hapa, kwa sababu gharama inazo. Mteja akitoa pesa kwenye mashine ya benki nyingine, benki yake humlipa mwenye mashine sehemu fulani, na kampuni ya kadi nayo huchukua chake. Lazima benki iwe na dola za kulipia. Kadi ikinakiliwa na wezi kwenye mashine ya mbali, mara nyingi hasara huirudia benki. Kazi hiyo yote ina bei, na ada ya wazi ya 450 siioni kuwa dhuluma. Hata ikipanda kidogo, maadamu imeandikwa ukutani, mtu ataipima na kuamua.

Kiwango cha kubadilisha nacho kina hoja yake. Kati ya siku mteja anapotoa pesa na siku benki inapolipa hupita siku moja, mbili, tatu, na fedha inaweza kusogea. Januari 2024 dola ilikuwa imefika kama shilingi 160, na miezi miwili tu baadaye shilingi ikarudi kwa kishindo. Benki iliyojiwekea kinga wakati ule ilikuwa na hofu halali. Lakini Agosti 2025 shilingi ilikuwa imesimama kwenye 129 kwa karibu mwaka mzima, na dirham haijasogea tangu 1997. Asilimia 3.3 ilikuwa kinga ya hofu gani? Mimi naona ni ada ya pili, imevishwa nguo ya kiwango cha fedha ili isionekane kuwa ada.

Na kuna sababu ya kuivisha. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Benki ya Kenya kinasema benki haiwezi kupandisha ada zake bila idhini ya waziri wa fedha. Ada ya 450 inapita mlango huo. Kiwango cha kuuzia dola hakipiti. Benki hukitangaza asubuhi na kukibadilisha jioni. Kwa hiyo shilingi inayotozwa kwa njia ya ada ina mlinzi, na shilingi ileile ikitozwa kwa njia ya kiwango haina. Benki ikitaka mapato zaidi kutoka kwa msafiri, njia nyepesi inajulikana.

Wanaosafiri kwenda Dar nao hawajasalimika. Mwenye kadi ya namna hii akitoa shilingi za Tanzania Kariakoo, pesa hupandishwa kwenye dola kisha zikashushwa kwenye shilingi za Kenya, na huko kushuka ndiko kunakokatwa. Mfumo wa Malipo wa Afrika Mashariki, ulioanza 2013, unaziwezesha benki za ukanda huu kutumiana fedha za nchi zao wenyewe. Aliyesimama mbele ya ATM Msimbazi haujamfikia.

Ada iwe moja, na ijulikane kabla

Rai yangu baada ya kuzungukazunguka na risiti hizi ni hii: benki ichague. Itoze ada ya wazi na ibadilishe fedha kwa kiwango cha Benki Kuu au karibu nacho kabisa. Au isitoze ada ya kutoa pesa, ichukue asilimia, na asilimia hiyo iandikwe. Kutoza zote mbili na kuandika moja si bei, ni mtego, hata kama hakuna aliyekusudia kutega.

Mimi ningechagua ada ya wazi, lakini iwe na kikomo kwa kiasi kidogo. Ziada ya asilimia 16 kwenye dirham 300 humkata zaidi asiyetaka kubeba pesa nyingi. Huambiwa, "Toa nyingi kwa mara moja." Mwambie hivyo mama wa miaka sitini anayelala kwenye chumba cha watu wanne, au aliye kwenye msongamano wa Makka. Anatoa kidogo kidogo kwa sababu ya usalama wake, na benki, ambayo kila siku inatuhubiria tusitembee na fedha taslimu, haifai kumtoza zaidi kwa kuitii.

La kuijua bei kabla si jambo la kubuni upya. Sisi Wakenya tulizoeshwa na M-Pesa tangu 2007. Ada zimebandikwa kwa wakala, bibi asiyejua kusoma anazijua kwa moyo, na kila ujumbe unakuja na gharama yake imeandikwa. Benki zetu tayari hutuma ujumbe pesa zikitoka. Zinashindwa nini kuandika hivi: "Umetoa dirham 1,000 na ada ya mashine 25. Tumekata sh 37,260 kwa kiwango cha 36.35, asilimia 3.3 juu ya Benki Kuu. Ada yetu sh 450 pamoja na ushuru"? Tarakimu zote hizo benki inazo. Na kabla ya kutoa, mteja aweze kupiga msimbo kwenye simu, aandike "dirham 1,000", aambiwe zitamgharimu shilingi ngapi leo, zikiwa zimejumlishwa zote isipokuwa ya mwenye mashine. Kiasi cha kwanza kwenye ujumbe kisitofautiane na cha mwisho. Benki ikubali kubeba mabadiliko ya siku mbili, maana hilo ndilo inalodai kulipwa.

Wengine wameshafika huko. Umoja wa Ulaya uliamuru, kuanzia Julai 2002, kwamba kutoa yuro kwenye mashine ya nchi nyingine ya umoja kusigharimu zaidi ya kutoa nyumbani. Mwaka 2019 wakaongeza sheria nyingine, iliyoanza kubana mashine Aprili 2020: anayekubadilishia fedha kwenye skrini lazima akuonyeshe, kabla hujakubali, bei yake ni asilimia ngapi juu ya kiwango cha Benki Kuu ya Ulaya. Mwaka mmoja baadaye benki za wateja nazo zikatakiwa kuwatumia ujumbe wenye asilimia hiyo. Ona kipimo walichokitumia. Sisi tunacho chetu. Benki Kuu ya Kenya hutangaza kiwango chake kila siku ya kazi. Kinachokosekana ni amri ya kuzilinganisha benki nacho mbele ya mteja.

Msingi wa kuidai amri hiyo upo. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mlaji haki ya kupata maelezo anayohitaji ili afaidike na huduma. Mwongozo wa Benki Kuu wa kuwalinda wateja, ulioanza kutumika 2013, unazitaka benki ziweke ada zao wazi. Ninachosema ni kwamba kiwango cha kuuzia dola, pale mteja asipokuwa na njia ya kukijua wala kukikwepa, kihesabiwe kuwa ada.

Kuhusu skrini ya kwanza, ile ya Deira, benki ya Mombasa haiwezi kuiamuru. Lakini turudi kwenye fomu ya kufungua kadi. Mteja amesimama mbele yako, anakwambia nchi na siku. Hiyo ndiyo dakika ya kumwambia: mashine ikikuuliza kama unataka kukatwa kwa shilingi, kataa, pesa zitatoka. Maneno kumi. Yangemwokolea Khalati zaidi ya nusu ya zile 2,521, na benki isingepoteza hata senti ya ada yake. Sijaona sababu ya kunyamaza isipokuwa kwamba hakuna aliyempangia mtu kulisema.

Kwa wanaosafiri wiki hii na hawawezi kungoja sheria: chagueni fedha ya nchi mliyomo, kila mara, iwe kwenye ATM au kwenye mashine ya dukani. Toeni mara chache kadiri usalama unavyoruhusu. Mwenye akaunti ya dola na kadi yake ataikwepa ile 3.3, kwa kuwa dola haigeuzwi shilingi. Na hata duka la kubadilishia fedha mjini, likikuuzia dirham kwa 36, limekutoza asilimia mbili na kitu, imeandikwa ubaoni, na unaweza kuondoka ukaenda la pili.

Benki ilitujibu kwa barua baada ya wiki tatu. Muamala wa kwanza, walisema, haukuwa ubadilishaji wao, na hapo wana haki. Wa pili na wa tatu ulifanywa kwa kiwango cha benki cha siku hiyo. Hakuna kilichorudishwa. Khalati aliisoma mwenyewe, akaikunja, akafungua daftari kwenye ukurasa wa Dubai, akaipiga mstari 1,800 na kuandika juu yake 1,919 kwa wino mwekundu. Yale tisa yaliyobaki hakuyapandisha bei. Wanunuzi wake wa Kilifi na Malindi walishaambiwa 2,300, na neno lake ni hilo.

Barua ya pili tumeielekeza Benki Kuu, na ndani yake tumeomba jambo moja tu: benki iandike, kwenye ujumbe uleule inaotuma sasa, kiwango chake ni asilimia ngapi juu ya kile cha Benki Kuu. Hesabu nimeiambatisha, mistari mitatu. Khalati ametia sahihi chini, kisha akaniuliza kama nakala ya risiti ya tatu inasomeka, maana mkunjo ule ulipita juu ya tarakimu ya 300. Nikaiweka karibu na dirisha. Inasomeka.